Vilima Vilivyorundikwa na Watu: Historia ya Vifusi vya Migodi ya Zamani na Afya ya Waishio Kando Yake

Katika kijiji cha Katuruka, mkoani Kagera, palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Wazee wa Kihaya walisimulia kwamba jina hilo lina maana ya mahali pa mhunzi, na kwamba zamani mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi hapo wafue chuma cha kujengea mnara wa kufikia mbinguni. Kwa mpita njia, hiyo ilikuwa ngano tu. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefika huko karibu na mwaka 1970, hakuichukulia hivyo. Aliwasikiliza wazee kwa muda mrefu kabla ya kushika sururu, na alipochimba mahali walipomwelekeza, alikuta mabaki ya kazi ya wahunzi wa kale: mkaa, mashimo na mavi ya chuma, ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 2000 na zaidi. Mnara haukuonekana, lakini kiwanda cha chuma kilikuwapo. Masimulizi yalikuwa yamebeba kwa vizazi vingi habari ya taka za viwandani, zilikolala na kazi iliyozileta.

Mavi ya chuma ya Katuruka hayamdhuru mtu. Lakini njia iliyotumika kuyatafuta, yaani kuuliza kwanza na kuchimba baadaye, ina faida kubwa kwa watu ambao huenda hawajawahi kuifikiria: wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wagonjwa wanaoishi karibu na vifusi vya migodi ya jana na juzi. Vifusi hivyo vimo katika mikoa mingi ya Tanzania na katika nchi jirani. Vingine vimeota nyasi na vichaka hata vikafanana na vilima vya asili. Watoto huviteleza, mafundi huchota mchanga wake wa kusiribia nyumba, na mvua huupeleka udongo wake visimani. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Vivyo hivyo, ukiona kilima kando ya mji wa mgodi, yupo aliyekirundika, na alikuwa na sababu. Anayeijua sababu hiyo yuko karibu kuijua sumu iliyomo.

Kifusi si kitu kimoja

Katika lugha ya kila siku neno kifusi hubeba mambo matatu yaliyo tofauti, na hatua ya kwanza ya kufuatilia asili yake ni kuyatenganisha.

La kwanza ni mawe taka, yaani miamba iliyoondolewa ili kuifikia mbale, jiwe lenye madini. Huko Geita watu huyaita magwangala. Haya ni mapande makubwa yasiyosagwa. Hatari yake ya kwanza ni kuporomoka na kuwafukia wanaoyachokoa, na pengine maji yake huwa makali kama asidi iwapo jiwe lina salfa nyingi.

La pili ni marudio, mchanga laini au tope lililobaki baada ya mbale kusagwa na madini kukamuliwa. Hapa ndipo penye wasiwasi mkubwa zaidi kiafya, kwa sababu vumbi lake huruka, hunata mikononi na huingia kifuani, na kemikali zilizotumika kukamua madini huweza kubaki ndani yake.

La tatu ni mavi ya madini, masalio magumu yatokayo katika tanuri la kuyeyushia. Rangi yake mara nyingi ni nyeusi, na mengine hung'aa kama chupa iliyovunjika. Ya chuma kwa kawaida hayana madhara makubwa. Ya tanuri la madini ya risasi ni jambo jingine kabisa.

Aina hizi tatu huweza kulala mahali pamoja, moja juu ya nyingine, kwa kuwa mgodi mmoja huweza kuwa umepitia mikono na mbinu tofauti katika miaka hamsini. Macho peke yake hayatoshi kuzitenganisha. Hapo ndipo historia inapohitajika.

Kwa nini vingi vilizaliwa wakati mmoja

Vifusi vingi vya dhahabu vya Tanzania vina umri unaokaribiana, na sababu yake haikuanzia Tanzania. Wajerumani walikwisha kuchimba Sekenke, katika Iramba, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza; dhahabu ya huko ndiyo iliyogongwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mjini Tabora mwaka 1916, wakati koloni lilipokuwa limezingirwa. Lakini wimbi kubwa lilikuja katika miaka ya 1930. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, kazi zimekosekana, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Mawe ambayo jana yalikuwa hayalipi gharama yakaanza kulipa. Migodi ikafunguliwa au kupanuliwa katika Lupa, Geita, Sekenke, Kiabakari na kwingineko.

Bei hiyo ya dola 35 ilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, huku mishahara, mafuta na vipuri vikipanda baada ya Vita Kuu ya Pili. Mgodi mmoja baada ya mwingine ukashindwa kujiendesha. Mgodi wa zamani wa Geita, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki, ulifungwa mwaka 1966. Mitambo ikaondolewa na wafanyakazi wakarudi makwao. Kilichobaki ni mashimo na marundo, ambayo hayakuwa na mwenyewe wala mlinzi, katika siku ambazo hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mchimbaji kurudisha ardhi katika hali yake.

Tarehe hizi zina maana katika chumba cha tabibu. Kijana aliyeajiriwa Geita akiwa na miaka 20 wakati mgodi unafungwa sasa anakaribia miaka 80 au amekwisha kuivuka. Yeye ni shahidi wa kilichomwagwa na mahali kilipomwagwa, na huenda vilevile ni mgonjwa mwenye mapafu yaliyokula vumbi la mawe kwa miaka mingi.

Vifusi vitatu, maswali matatu

Mfano wa kwanza ni Lupa, katika Wilaya ya Chunya. Dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1922 ilikuwa ya mchangani, katika mikondo ya mito. Maelfu ya wachimbaji walikuja na majembe, karai na zebaki. Zebaki huishika dhahabu na kufanya nayo donge. Donge likichomwa, zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Kiasi cha zebaki humwagika katika mchanga na kukaa humo miongo kadhaa, kwani metali haiozi. Baadaye ilifuata migodi ya mwamba, mkubwa wao ukiwa New Saza, uliofanya kazi hadi katika miaka ya 1950. Kwa hiyo katika wilaya hiyo moja kuna vifusi vya namna mbili. Mtu akiuliza tu, "Je, hapa palichimbwa dhahabu?" atapata jibu la ndiyo lisilomsaidia. Akiuliza, "Je, walichekecha mchanga wa mto au walisaga mwamba? Walitumia zebaki au matangi?" atapata jibu la kumwongoza.

Mfano wa pili ni Geita na migodi mingine ya mwamba katika ukanda wa Ziwa Victoria. Huko jiwe lilisagwa kwa vinu hadi likawa unga, na dhahabu ikayeyushwa kwa sayanaidi ndani ya matangi. Wengi husikia neno sayanaidi wakaogopa kifusi cha mwaka 1940 kwa ajili hiyo. Kwa kweli sayanaidi huua upesi ikiwa mpya, lakini iliyoachwa juani na hewani huvunjika na kupungua kadiri miaka inavyopita. Yasiyovunjika ni yale yaliyokuwamo katika jiwe lenyewe. Dhahabu ya miamba mara nyingi hukaa pamoja na madini ya salfa, na baadhi yake yana aseniki. Jiwe likiwa zima chini ya ardhi, aseniki hutulia. Likisagwa na kuachwa mvuani, huanza kutoka na kuyafuata maji. Jambo la pili katika unga huo ni silika, vumbi lisilo na harufu wala rangi ya kutisha, lakini ndilo linaloyafanya mapafu kuwa magumu na kumfungulia mlango mdudu wa kifua kikuu.

Mfano wa tatu ni Mpanda. Anayesafiri kwa treni kutoka Kaliua kwenda Mpanda amekaa juu ya ushahidi: tawi hilo la reli lilijengwa ili kufikia mgodi wa madini ya risasi, uliofanya kazi katika miaka ya 1950 na kutoa pia shaba, fedha na dhahabu. Leo Katavi inatajwa zaidi kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo, na mhudumu mgeni angeweza kufikiria zebaki peke yake. Reli inamkumbusha swali jingine. Mahali palipochimbwa madini ya risasi, jambo la kwanza la kupima katika kifusi na katika damu ya mtoto ni risasi.

Bei ya kutouliza

Ulimwengu umekwisha kuona gharama ya swali hilo kuchelewa. Kabwe, katika Zambia, ni mji uliozaliwa na mgodi. Madini ya risasi na zinki yaligunduliwa mwaka 1902, reli ikafika mwaka 1906, na mgodi pamoja na matanuri yake ukaendelea hadi mwaka 1994. Kwa karibu miaka 90 moshi na vumbi viliangukia vitongoji vilivyo upande unakoelekea upepo, kama Kasanda na Makululu. Mgodi ulipofungwa, sumu haikufungwa nao. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya tanuri kuzimwa wamekutwa na risasi katika damu kwa viwango vilivyozidi mara nyingi kile kinachodai hatua, kwa sababu walicheza katika udongo uleule. Katika Kabwe, historia ya upepo na tanuri ndiyo ramani ya ugonjwa.

Kaskazini mwa Nijeria, katika Jimbo la Zamfara, mambo yalikwenda kasi zaidi. Mwaka 2010 watoto wadogo walianza kufa kwa degedege katika vijiji vya wachimbaji wa dhahabu, na malaria ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyodhaniwa kwanza. Baadaye ilithibitika kwamba mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa majumbani yalijaa madini ya risasi. Zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha. Dawa zilikuwapo, lakini watabibu walijifunza kwamba haina maana kumtibu mtoto na kumrudisha katika ua uleule wenye sumu. Ilibidi vijiji visafishwe, udongo wa juu uondolewe, ndipo tiba ishike.

Kisa cha Zamfara hakikuwa cha kifusi cha kale, lakini somo lake ni lilelile. Jibu lilikuwa katika historia ya jiwe: limetoka wapi, lina nini ndani yake, na nani amelisagia wapi.

Kifusi hakitulii

Kosa jingine ni kudhani kwamba kifusi kilichokaa miaka sitini kitakaa hivyo milele. Chini ya milima ya Rwenzori, katika Wilaya ya Kasese nchini Uganda, mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kati ya mwaka 1956 na 1982. Marudio yake, mamilioni ya tani, yalimwagwa katika bonde jembamba la mto Nyamwamba. Mto ulipofurika mwezi Mei mwaka 2013, na tena mwezi Mei mwaka 2020, ulikula kingo zake pamoja na marundo hayo na kuyasambaza kuelekea chini, kwenye mashamba na makazi. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliiharibu vibaya hospitali iliyojengwa kuwahudumia wafanyakazi wa mgodi huo. Taka za mgodi na hospitali ya mgodi vilikuwa vimewekwa kando ya mto mmoja, na mto ukavifikia vyote.

Pasipo mafuriko, watu wenyewe hukihamisha kifusi. Mchanga laini wa marudio unapendwa na mafundi kwa matofali na lipu. Marudio ya zamani pia yana dhahabu iliyobaki, na bei ya dhahabu ya leo inayafanya yawe mali tena. Wachimbaji huyazoa na kuyaloweka katika matangi ya sayanaidi. Hapo panatokea jambo ambalo wengi hawalijui. Iwapo marudio hayo yana zebaki ya zamani, sayanaidi huiyeyusha na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi katika maji. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeitaja desturi ya kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza kuwa miongoni mwa zile mbaya zaidi za kukomeshwa. Kifusi kilicholala kikiamshwa hivyo, historia yake huwa hatari ya sasa.

Njia nyingine ni ya kinywa, nayo inawahusu hasa wajawazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania ulikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa wakila udongo, na kwamba udongo uliopimwa ulikuwa na kemikali za kudhuru. Mama anayenunua pemba sokoni huona donge jeupe au jekundu lililochongwa vizuri. Hajui limechimbwa bonde gani. Swali la asili ya udongo, ambalo kwa mwanahistoria ni la udadisi, kwa mama huyu ni la mtoto aliye tumboni.

Namna ya kufuatilia

Kufuatilia asili ya kifusi hakuhitaji mtambo. Kunahitaji subira na mpangilio, na kazi hii inaweza kuanzwa na zahanati ya kijiji kwa kushirikiana na walimu na serikali ya mtaa.

Mwanzo ni wazee. Waulizwe si kwa haraka na si mmoja peke yake. Maswali yawe ya mambo waliyoyaona: mgodi ulikuwa na kinu gani, kelele yake ilisikika hadi wapi, maji machafu yalielekezwa bonde lipi, wafanyakazi walilala wapi, ng'ombe walikatazwa kunywa wapi. Swali la mwisho lina thamani kubwa. Wafugaji hukumbuka kisima kilichoua mifugo hata wakiwa wamesahau jina la mwenye mgodi. Wanawake nao waulizwe, kwani wao ndio waliochota maji na kulima kando ya mabonde hayo.

Baada ya wazee ni majina. Mitaa mingi katika miji ya migodi bado huitwa kwa majina ya kambi, mashine au kazi zilizokuwapo. Kisha ni alama za ardhi: tuta la reli iliyong'olewa, msingi wa saruji wenye vyuma vilivyochomoza, safu ya mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo za mashimo, au eneo tupu lisiloota kitu hata masika. Ardhi inayokataa kuota inasema jambo.

Mwisho ni maandishi. Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zina vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza, ambamo maofisa waliandika habari za migodi, vibarua na maji. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao Dodoma, ina ramani na ripoti za zamani zinazoonyesha aina ya mbale iliyochimbwa kila mahali. Ofisi ya afya ya wilaya inaweza kuomba habari hizo mara moja, ikaziweka katika faili moja, na kila tabibu anayehamia wilayani akazisoma katika wiki yake ya kwanza kazini.

Masimulizi na maandishi yasomwe pamoja. Ofisa wa zamani aliandika kiasi cha dhahabu kilichotoka lakini mara chache aliandika tope lilikomwagwa, na mzee hukumbuka tope lakini huweza kuusahau mwaka. Yanapokutana, kifusi hupata jina, umri na kazi yake.

Katika chumba cha tabibu

Habari hizi zikishapatikana, hubadilisha maswali anayoulizwa mgonjwa. Pamoja na kuuliza homa imeanza lini, tabibu wa maeneo ya migodi aulize: Unakaa umbali gani kutoka kwenye marundo? Nyumba imesiribwa kwa mchanga gani? Maji ni ya wapi? Nani nyumbani huchenjua dhahabu, na nguo zake hufuliwa wapi? Je, unakula udongo? Je, uliwahi kufanya kazi mgodini, hata kama ni miaka 40 iliyopita?

Majibu yaelekeze vipimo. Palipokuwa na madini ya risasi, kipimo ni damu. Damu ya kidole ikionyesha kiwango kikubwa, kipimo kirudiwe kwa damu ya mshipa, kwani vumbi la kwenye ngozi huweza kudanganya. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe damu ikifikia mikrogramu 5 kwa desilita, na unapendekeza dawa za kuondoa risasi mwilini kwa mtoto aliyefikisha mikrogramu 45. Dalili ni za kupotosha: tumbo kuuma, kukosa choo, upungufu wa damu, uzito wa kujifunza, na mwishowe degedege. Mtoto mwenye degedege apimwe malaria na kutibiwa inavyostahili, lakini kipimo cha malaria kikiwa hasi na kifusi kikiwa nyuma ya nyumba, uchunguzi usiishie hapo.

Palipotumika zebaki, mkojo ndio unaoonyesha mvuke uliovutwa. Mtetemeko wa mikono, usahaulifu na hasira zisizo za kawaida visichukuliwe upesi kuwa uzee au ulevi. Panaposhukiwa aseniki, viganja na nyayo vitazamwe: ngozi iliyokakamaa kama sugu na madoa ya rangi mbili ni barua ya miaka mingi ya maji mabaya. Mkojo ukipimwa aseniki, mgonjwa asiwe amekula samaki kwa siku chache kabla, ili jibu lisichanganywe. Kwa yule aliyekula vumbi la mwamba, kikohozi kisichokoma kinadai picha ya kifua pamoja na kipimo cha makohozi, kwa kuwa silikosisi na kifua kikuu hupenda kukaa katika pafu moja. Zahanati isiyo na vipimo hivi si lazima inyamaze. Inaweza kutoa rufaa yenye maelezo kamili, na kupitia wilaya kuomba sampuli za maji na udongo zipimwe na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa jamaa wanaoishi kando ya kifusi, yapo ya kufanya leo. Watoto wazuiwe kucheza juu yake, na wanawe mikono kabla ya kula. Nyumba ipigwe deki kwa maji kuliko kufagiliwa kavu, maana ufagio hurusha vumbi. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Mchanga wa marudio usitumike kwa lipu wala kwa bustani ya mboga. Mtoto apewe chakula chenye madini ya chuma na kalisiamu, kama mboga za majani, maharage, maziwa na dagaa wasiotoka katika maji yenye zebaki, kwani mwili wenye upungufu huo hufyonza risasi zaidi. Tena ifahamike kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi aseniki wala risasi. Maji yakipungua jikoni, sumu hubaki palepale na kukolea. Dawa ya maji hayo ni kuhamia chanzo kingine.

Wenye kumbukumbu wanaondoka

Kisa cha Katuruka kina sehemu ya pili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliwachukua watu wengi sana, miongoni mwao watunza masimulizi na vijana waliopaswa kuyapokea. Schmidt aliporudi huko baada ya miaka mingi, masimulizi mengi aliyokuwa ameyasikia hayakuwa tena na msemaji. Wanakijiji waliosalia walilazimika kuyakusanya upya.

Kwa wafua chuma wa kale, hasara hiyo ilikuwa ya urithi. Kwa migodi ya miaka ya 1930 hadi 1966, ni hasara ya urithi na ya tiba pia. Mzee anayejua tope la kinu lilimwagwa bonde gani huja kliniki kila mwezi kuchukua dawa za shinikizo la damu. Hukaa kwenye benchi saa mbili akingoja zamu yake, akiwa amezungukwa na kina mama waliobeba watoto wanaotoka bonde lilelile. Faili yake ina uzito, presha na tarehe ya kurudi. Mstari mmoja ukiongezwa humo, alifanya kazi wapi na aliona nini, huenda ukamsaidia tabibu kujua cha kupima katika damu ya mtoto aliyekaa pembeni mwake.